Rekodi ikibadilika, kazi ianze: Somo kwa wanaouza mali kauli

MAMA mmoja wa Kariakoo anayeuza mafuta ya kula na sabuni kwa bei ya jumla alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Hakunisalimia. "Mwanangu, umewafanya nini wateja wangu?" Usiku wa kuamkia siku hiyo wadaiwa wake 63 walikuwa wamepokea ujumbe wa simu wa kukumbushwa deni, kila mmoja mara tatu, kati ya saa saba na saa nane usiku. Miongoni mwao walikuwamo waliolipa jioni ile ile, ambao malipo yao yalikuwa hayajaingizwa vitabuni. Wawili, mmoja wa Mbagala na mwingine wa Kibaha, walihamia kwa jirani na hawajarudi hadi leo.

Aliyeiweka kanuni iliyotuma ujumbe huo ni mimi, mwandishi wa makala haya. Digrii ya biashara na majuma machache ya kuichezea programu yake ya mauzo vilitosha kunifanya nijione fundi. Nayaeleza haya kwa sababu maduka mengi ya jumla yanaachana na daftari la karatasi, na wauzaji wa programu za kompyuta hawachoki kuwaambia wenye maduka kwamba kazi "itajifanya yenyewe". Ni kweli inaweza kujifanya yenyewe. Swali ni lini ianze, na nani mwenye uwezo wa kuizuia.

Karani wa zamani na karani wa kompyuta

Msomaji aliyewahi kukaa katika duka la jumla anamfahamu karani wa zamani. Mteja akilipa, karani huandika "amelipa" katika daftari, kisha, kabla ya kufunga kalamu, hupaza sauti kuelekea stoo: "Toa madumu kumi ya huyu!" Hakuna aliyemwambia apaze sauti. Kuandika kwenyewe ndiko kulikomkumbusha.

Programu za biashara zinazotumika leo, kama vile Odoo, Zoho na Salesforce, zina uwezo wa kufanya hivyo hivyo. Kila mteja, kila ankara na kila mzigo una rekodi yake. Mwenye programu huweka kanuni yenye sehemu tatu. Ya kwanza ni kichocheo, yaani tukio linaloiamsha kanuni: rekodi mpya imeandikwa, ya zamani imebadilishwa, au imefutwa. Ya pili ni sharti: si kila badiliko linatuhusu, bali lile la ankara iliyokwisha kulipwa, au la mteja wa mkopo tu. Ya tatu ni kitendo: tuma ujumbe, andika hati ya kutolea mzigo, mpe mhasibu kazi ya kufanya kesho, badilisha kiasi cha stoo.

Kuziweka sehemu hizo tatu si kazi ngumu. Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta, kwani kinachofanyika ni kuchagua maneno katika orodha na kubonyeza. Na hapo ndipo hatari ilipo, maana jambo jepesi hivyo halimpi mtu sababu ya kusimama na kufikiri.

"Ana deni" si sawa na "amekuwa na deni"

Kanuni yangu ilisomeka hivi: rekodi ya mteja ikibadilika, na kama mteja ana deni, mtumie ujumbe. Nilipoiandika niliiona haina kasoro. Mteja akichukua mzigo, deni linaongezeka, rekodi inabadilika, naye anapata taarifa ya deni lake jipya. Mama aliifurahia kwa wiki tatu nzima.

Usiku ule karani wake, kijana mwenye bidii, alibaki dukani kusafisha vitabu. Kwanza aliingiza kwa mkupuo namba za simu zote upya, zikianza na 255 badala ya sifuri. Kisha akaingiza majina ya mitaa ya wateja. Baada ya hapo ikaamka kanuni nyingine, inayowapanga wateja katika makundi kwa kufuata mitaa, ikaandika kundi la kila mmoja. Hayo ni mabadiliko matatu, na hakuna hata moja lililogusa deni. Lakini kanuni yangu haikuuliza ni nini kilichobadilika. Iliuliza kama rekodi imebadilika na kama mteja ana deni, ikajibiwa ndiyo mara tatu kwa watu 63. Jumla ni ujumbe 189. Kwa kuwa maneno yangu yalizidi herufi 160, kampuni ya kutuma ujumbe ilihesabu kila mmoja kuwa ni miwili, na Mama akalipia 378.

Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri kati ya "yupo" na "amekuja". Kanuni ya kompyuta inatakiwa itofautishe vivyo hivyo. Tuseme mteja amewekewa kikomo cha mkopo cha shilingi 2,000,000, nawe unataka kupata taarifa anapokivuka. Deni lake likitoka 1,850,000 kwenda 2,300,000, amevuka, na kengele inapaswa kulia. Akichukua katoni nyingine na deni likafika 2,450,000, hajavuka tena, alikuwa ameshavuka. Akilipa 600,000 anarudi 1,850,000, na akichukua bidhaa za 400,000 anafika 2,250,000. Hapo amevuka kwa mara ya pili na kengele ilie tena. Kanuni inayouliza "deni ni zaidi ya milioni mbili?" italia mara tatu, na ingelia pia siku ya kurekebisha namba ya simu. Kanuni inayouliza "deni lilikuwa chini ya kikomo, na sasa limepita?" italia mara mbili, na mara zote mbili kwa haki.

Ili kuuliza swali hilo la pili, programu lazima itazame thamani ya zamani na thamani mpya kwa pamoja. Programu nzuri zinaruhusu. Katika Salesforce utaulizwa kama kanuni ifanye kazi kila mara rekodi inapobadilishwa ikiwa inatimiza sharti, au pale tu inapobadilika na kuanza kulitimiza. Odoo ina sharti la kabla ya badiliko na sharti la baada yake, na vilevile inakuruhusu kutaja ni sehemu zipi za rekodi zinazoiamsha kanuni. Ningejaza nafasi hizo mbili tu, Mama asingeniamsha alfajiri ile.

Deni huzeeka bila kuguswa

Kosa la pili ni la kinyume, nalo halina kelele, ndiyo maana huchukua muda mrefu kugundulika. Wenye maduka wengi hutaka jambo hili: deni likifikisha siku 30 bila kulipwa, mhasibu apewe taarifa. Wanaweka kichocheo cha "rekodi ikibadilika" na sharti la "siku zimezidi 30", kisha wanasubiri. Taarifa haiji.

Haiji kwa sababu siku ya 31 hakuna aliyeigusa ankara ile. Kalenda ndiyo iliyosogea. Kilichoandikwa ndani ya rekodi ni kile kile cha siku ya mauzo, na kanuni inayongoja badiliko itangoja hadi siku mteja atakapoleta fedha, yaani siku ambayo taarifa haina faida tena. Kazi kama hii inahitaji saa, si kengele: kanuni inayoamka kila siku asubuhi, inayapitia madeni yote na kuyachagua yaliyopitwa na tarehe. Programu karibu zote zina kichocheo cha muda, lakini mara nyingi kimewekwa katika orodha nyingine na wauzaji hawakionyeshi siku ya maonyesho.

Mwekezaji mdogo wa hisa anakutana na tatizo hili hili akitumia jedwali la Google. Wapo wasomaji wanaoandika bei za soko la Dar es Salaam kwa mkono kila jioni, na wengine wanaofuatilia hisa za nje kwa fomula inayojaza bei yenyewe. Wote wawili huweka kanuni ya kuwatumia barua pepe bei ikishuka chini ya ile waliyonunulia. Yule wa kwanza anaweza kuiamsha kanuni yake, kwa kuwa kisanduku kilibadilishwa kwa mkono. Wa pili hatapata chochote, kwa sababu kichocheo cha kuhariri cha jedwali hilo hakihesabu badiliko linalofanywa na fomula. Bei inaweza kuanguka mchana kutwa, akaiona kwa macho yake kwenye jedwali, na barua isitumwe. Dawa ni ile ile: kichocheo cha muda, kila saa au kila siku. Hata hivyo akumbuke kwamba bei zinazoletwa na fomula hiyo zinaweza kuchelewa hadi dakika 20. Kwa mwenye kununua na kukaa miezi si kitu. Kwa mlanguzi wa siku hiyo hiyo ni hasara.

Kabla ya kuhifadhi, baada ya kuhifadhi

Hapa tutapita haraka. Vipo vitendo vinavyofaa kufanywa kabla rekodi haijahifadhiwa, na vingine baada yake. Kusahihisha namba ya simu, kujaza kundi la mteja, kukataa ankara isiyo na tarehe: hayo yafanyike kabla, kwa sababu yanaigusa rekodi ile ile na hayaamshi badiliko jingine. Kutuma ujumbe, kuandika hati ya stoo au kuanzisha malipo kufanyike baada ya kuhifadhi. Ukituma ujumbe kwanza kisha umeme ukakatika au programu ikakataa kuhifadhi, mteja atakuwa ameambiwa habari za deni ambalo vitabu havilifahamu.

Aidha, kanuni mbili zinaweza kuamshana. Ya kwanza inabadilisha kundi, ya pili inaona kundi limebadilika na kubadilisha punguzo la bei, ya kwanza inaona punguzo limebadilika na kukokotoa kundi upya. Baadhi ya programu huukata mzunguko huo zenyewe, nyingine huendelea hadi zikwame. Usitegemee huruma yao. Chora kwenye karatasi kila kanuni inaandika wapi na inasikiliza wapi. Ukiona mshale unarudi ulikotoka, futa mmoja.

Malipo ya simu na meseji za kughushi

Sehemu inayogusa fedha taslimu zaidi ni ya kutoa mzigo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, ikaja pamoja na huduma nyingine za mitandao, mteja wa mkoani hana haja ya kuja na fedha mfukoni. Anatuma, anaonyesha meseji, anapakia mzigo. Na matapeli nao wamejifunza kuandika meseji. Mtunza stoo anayesoma ujumbe kwenye simu ya mteja hana namna ya kujua kama umetoka kwa mtandao au umeandikwa na binamu yake aliyekaa nje kwenye pikipiki.

Kwa hiyo kanuni ya "ankara ikilipwa, andika hati ya kutolea mzigo" ina nguvu kubwa, lakini inategemea kabisa ni nani anayeruhusiwa kuandika neno "imelipwa". Kama keshia anaweza kulibonyeza kwa mkono, basi umejenga mlango wa chuma na kuacha ufunguo juu ya meza. Kampuni za simu zinawapa wafanyabiashara waliosajiliwa huduma ya kupeleka taarifa ya malipo moja kwa moja kwenye programu ya duka. Taarifa hiyo ndiyo ibadilishe rekodi. Mkono wa binadamu ubaki kwa malipo ya fedha taslimu tu, nayo yahitaji jina la aliyepokea.

Lipo jambo jingine hapa ambalo mafundi huliruka. Mtandao ukisumbua, taarifa moja ya malipo inaweza kuletwa mara mbili. Kanuni isiyo na akili italipunguza deni mara mbili, au itatoa hati mbili za mzigo mmoja, na stoo itafurahi kupakia zote. Kila malipo yana namba yake ya muamala. Amuru programu isikubali namba ile ile iingie mara ya pili, iwe itakavyokuwa. Ni sharti la mstari mmoja, nami ningelidai kabla ya jingine lolote.

Dakika 45 za Knight Capital

Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya maduka madogo. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa madalali wakubwa wa hisa nchini humo, ilianza siku kwa programu mpya ya kupokea oda. Programu hiyo ilipaswa kuwekwa katika seva 8. Fundi aliiweka katika 7. Ile ya nane ilibaki na kipande cha zamani ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003 bila kukiondoa.

Kipande hicho kilikuwa na kazi ya kugawa oda kubwa kuwa ndogo na kuzipeleka sokoni, na kuacha oda ikikamilika. Mwaka 2005 sehemu ya kuhesabu hisa zilizokwisha kupatikana ilihamishiwa mahali pengine katika programu, na kipande cha zamani hakikujaribiwa tena. Kwa hiyo kilipoamshwa kwa bahati mbaya, kilituma oda, oda zikatimizwa, lakini hakikupata habari kwamba zimetimizwa. Kikaendelea kutuma. Kwa lugha ya somo letu, kitendo kilikuwepo na kichocheo kilikuwepo, ila rekodi ambayo ingesema "imetosha" haikumfikia mhusika.

Oda 212 za wateja zikazaa miamala zaidi ya milioni 4, katika hisa za kampuni 154, kwa dakika 45 hivi. Hasara ilipita dola milioni 460. Bei ya hisa za Knight yenyewe ilianguka kwa takriban robo tatu ndani ya siku mbili, kampuni ikaokolewa kwa fedha za wengine, na mwaka 2013 ikaunganishwa na kampuni nyingine. Mwaka huo huo mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza faini ya dola milioni 12.

Kinachonisumbua mimi zaidi katika mkasa huu ni barua pepe 97. Kabla soko halijafunguliwa asubuhi ile, mfumo wa Knight ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua hizo, zikitaja kosa lenyewe kwa jina. Hazikuwekwa kuwa ni kengele ya hatari, na hakuna aliyezifanyia kazi. Mwenye duka anayepokea taarifa 40 kwa siku kutoka kwenye programu yake ajiulize anasoma ngapi.

Jinsi tulivyoirudia

Mama hakunifukuza. Alinipa soda, akaniambia nirekebishe, naye akakaa pembeni akiuliza maswali ambayo mimi ningepaswa kujiuliza mwanzo. "Na kama nimemsamehe mtu deni?" Sikuwa nimelifikiria. Tukaongeza kisanduku cha "asitumiwe", kinachojazwa na yeye peke yake.

Tulianza na nakala ya vitabu, si vitabu vyenyewe, tukiwa na wateja watano wa uongo wenye namba za simu za watoto wake. Tuliingiza kwa mkupuo orodha nzima, kama karani alivyofanya, na kuona kama simu za watoto zitalia. Zililia mara moja, tukatafuta sababu, tukajaribu tena hadi zikanyamaza. Kwa wiki mbili za kwanza baada ya hapo kanuni haikumtumia mteja yeyote ujumbe. Ilimwandikia Mama orodha ya ambao ingewatumia, naye akatia alama ya ndiyo au hapana. Katika orodha ya siku ya kwanza aliwakata wanne. Mmoja alikuwa amefiwa.

Sasa ujumbe unatoka kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni tu. Kila uliotumwa unaandikwa katika daftari la kumbukumbu pamoja na kanuni iliyoutuma na thamani iliyobadilika, ili mteja akilalamika ijulikane kwa nini. Mteja hawezi kupata zaidi ya mmoja kwa siku saba. Na kuna swichi moja inayozima kanuni zote, ambayo karani ameelekezwa kuizima kabla ya kuingiza chochote kwa mkupuo. Maneno yenyewe tuliyapunguza hadi herufi 140, na jina la mteja pamoja na kiasi vimebaki. Kiasi cha deni la mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu kwa anayetunza taarifa za namna hiyo. Hivyo namba isiyohakikishwa haitumiwi kitu.

Vitendo visivyorudishika tulivitenga peke yake. Kumpa mhasibu kazi ya kufuatilia unaweza kukufuta. Ujumbe uliotumwa huwezi kuuita urudi, fedha zilizolipwa kwa msambazaji ni vigumu kuzirudisha, na risiti ya kodi iliyotoka kimakosa ina maelezo marefu mbele ya afisa. Kwa vitendo hivyo kanuni inaandaa kila kitu hadi hatua ya mwisho, kisha inasubiri kidole cha mtu mwenye jina.

Msomaji anayeletewa programu na muuzaji amwombe afanye mambo mawili mbele yake: aingize kwa mkupuo orodha ya wateja 50, na azime kanuni zote kwa mara moja. Akianza kutafuta swichi, mwambie arudi wiki ijayo.

Wadaiwa watano wakubwa Mama huwapigia simu mwenyewe, Jumatatu, baada ya chai. Hao hawamo kwenye kanuni.